Kichwa cha binti kinanuka, na kuoga anaoga

Kabla hujanunua shampuu yoyote, nusa mtandio. Chukua ule aliorudi nao kutoka shule, ugeuze ndani nje, unuse sehemu inayokaa kisogoni na ile inayobana juu ya masikio. Halafu nusa foronya ya mto wake. Mwisho ndiyo uje kwenye kichwa chenyewe: tenganisha nywele kwa vidole, unuse ngozi ya utosini na ya nyuma ya sikio, si nywele za juu. Mtandio na foronya vikinuka kuliko kichwa, shida yako iko kwenye nguo, na utakiosha hicho kichwa mpaka kichubuke bila kuona nafuu. Kichwa kikinuka chenyewe, tuna kazi ya kuosha. Na kama kimeoshwa vizuri jana na leo kimerudia, hiyo ni habari nyingine, nitaifikia.

Mimi ni msusi. Nasukia barazani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, kwenye zile barabara za namba. Vichwa vingi ninavyovishika ni vya mabinti wa darasa la nne mpaka la saba, hasa shule zikifungwa. Kina mama huwaleta huku wakisema kwa sauti mbele ya wateja wengine: "Huyu mchafu, hebu mnuse kichwa." Mtoto anatazama chini. Nikimuuliza pembeni ananiambia anaoga asubuhi na jioni, na ukimtazama shingo na miguu unaona kweli anaoga. Tatizo ni kwamba maji yanapita juu ya nywele tu, ngozi hayaifikii, kisha kichwa kinafungwa kibichi. Karibu yote nitakayosema yanarudi hapo: maji na sabuni vifike kwenye ngozi, na ngozi ikauke kabla ya kufunikwa.

Kwa nini imeanza sasa

"Mbona alipokuwa mdogo hakuwa hivi?" Hilo naulizwa sana. Mtoto akifika miaka minane, tisa, kumi, mwili huanza kutoa homoni zinazoamsha tezi za mafuta, na hii ni miaka kadhaa kabla ya kuvunja ungo. Ndio wakati uleule kikwapa nacho huanza kunusika. Kichwa na uso ndizo sehemu zenye tezi hizo kwa wingi. Sasa, kwenye ngozi ya kila mtu, msafi na asiye msafi, huishi fangasi wasioonekana kwa macho, wataalamu huwaita Malassezia. Chakula chao ni yale mafuta. Wakiyala wanaacha tindikali, ndiyo inayochangia ule uchachu unaoupata puani, na ndiyo inayoiwasha ngozi ikaanza kubanduka mba.

Jasho likitoka mwilini halina harufu ya kutisha. Hunuka likikaa, na Tanga jasho hukaa. Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, mtoto anatoka shule na mtandio, anakula, anavaa mwingine anakwenda chuoni kusoma Kurani, na magharibi ndipo kichwa kinaona hewa. Masika yakiingia joto linapungua, lakini nguo hazikauki.

Mweleze mtoto hayohayo, mkiwa wawili. Maneno yanayofaa ni mafupi: "Mwanangu, mwili wako umeanza kutoa mafuta ya kikubwa. Kuoga kwa zamani hakutoshi tena. Jumapili nitakuonyesha kuosha kichwa." Basi. Usimseme mbele ya kaka zake, na shuleni huenda wamekwishampa jina. Kwetu pwani mambo mengi ya mwili wa binti huachiwa somo, yule mama anayemfunda, wakati wake ukifika, lakini hili haliwezi kumngoja somo, kwa sababu harufu humtangulia. Kina baba wanaolea mabinti peke yao nao huniuliza kama ni kazi ya shangazi. Hapana. Kichwa si sehemu ya siri, baba anaweza kuketi na mwanawe uani akamwonyesha.

Kuosha

Chagua asubuhi. Jioni hapana, nywele hazitakauka kabla ya kulala, na utakuwa umeoga kwa ajili ya kuulowesha mto. Kwa watoto wa chuo Jumapili ni nzuri. Wanaokwenda kanisani waoshe Jumamosi. Mtoto aliyenyolewa kama shule nyingi zinavyotaka aoshe mara mbili au tatu kwa wiki, ni kazi ya dakika chache. Mwenye nywele ndefu mara moja kwa wiki inatosha. Wakati wa kaskazi, anayetoka jasho sana aongeze siku moja katikati. Kila siku kwa shampuu ni kuzikausha nywele zetu hizi mpaka zikatike.

Andaa ndoo mbili za maji, kata au kopo, chanuo la meno mapana, vibanio vinne, na kanga kuukuu. Shampuu yoyote ya kawaida itafaa, ya bei ya chini pia. Sabuni ya mche na ya unga ziache kwenye nguo. Ni kali kwa ngozi ya kichwa: inakauka, inawasha, mtoto anajikuna kwa kucha, vidonda vinaanza.

Maji nayo yana neno. Maji ya bomba ya mjini, haya ya mto Zigi yanayopitia bwawa la Mabayani, ndiyo ya kutumia. Wenye visima karibu na bahari wanajua shida yao: unasugua sabuni, povu hakuna, unabaki na utando mweupe unaonata. Ule utando ni madini ya kwenye maji yaliyoshikana na sabuni, na hubaki kichwani ukikamata jasho na vumbi. Kama huna ila kisima, tumia shampuu badala ya sabuni, yenyewe haigandi hivyo, na weka pembeni ndoo moja ya maji ya bomba au ya mvua kwa suuza la mwisho.

Fumua misuko yote. Chana kwa vidole kwanza, kisha chanuo, kuanzia nchani kwenda kwenye shina. Gawa kichwa mafungu manne na ubane kila fungu. Sasa mwinamishe, na ummwagie maji taratibu huku vidole vinapita ndani ya nywele, mpaka yeye mwenyewe aseme anayasikia kwenye ngozi. Hapa wengi huharakisha. Nywele nene huonekana zimelowa chapachapa na chini ngozi ikavu kabisa.

Shampuu usiimimine kichwani kama ilivyo. Izimue kwenye kopo, kifuniko kimoja au viwili na maji robo kikombe, ndipo inasambaa. Bana mafungu matatu, fanyia kazi moja. Tumia nyama za ncha za vidole, kucha zikae mbali, na usogeze ngozi yenyewe, si kupapasa nywele. Watoto husugua utosini na pajini, basi, kwa sababu ndipo mkono unapofika bila kujisumbua. Kwenye harufu ni kwingine: nyuma ya masikio, kisogoni chini kule nywele zinapoishia, na ule mstari wa mbele unaobanwa na ukingo wa mtandio. Mwambie aanzie huko.

Osha mara mbili. Kichwa ni kama sufuria iliyopikiwa mchuzi wa nazi: sabuni ya kwanza haitoi povu, inapambana na mafuta, ya pili ndiyo inayosafisha. Ukiona povu jingi kwenye mara ya pili ujue umefika. Suuza mpaka maji yanayoanguka kwenye beseni yawe meupe na nywele zikikamatwa zikwaruze kidogo mkononi. Kama bado zinateleza, shampuu imo, na shampuu iliyobaki huwasha na kubanduka unga ambao watu huudhani mba. Kama unatumia kondishena, ipake kwenye urefu wa nywele na ncha. Ngozi haiihitaji.

Mara ya kwanza uoshe wewe, naye aweke mkono juu ya mkono wako asikie nguvu unayotumia. Mara inayofuata aoshe yeye, wewe umwagie maji. Baada ya hapo mwache bafuni peke yake, akitoka mguse tu nyuma ya sikio na kisogoni. Pakiteleza, mrudishe akasuuze, bila maneno. Msichana wa miaka 11 anayeoshwa kichwa na mama yake kila wiki hatajifunza, na atakapokwenda shule ya bweni utapigiwa simu na matroni.

Kukausha

Kama ungenikubalia jambo moja tu katika haya yote, ningechagua hili. Nimeona vichwa vilivyooshwa vizuri sana vikanuka kesho yake kwa sababu vilifungwa vibichi. Ngozi yenye unyevu, joto na giza, tena saa nane mfululizo, ndipo hao fangasi wanapostawi.

Kamua nywele kwa kanga kuukuu au fulana ya pamba, ukibonyeza, usisugue. Kisha fungua mafungu, nywele ziachwe wazi, mtoto akae barazani au dirishani apigwe na upepo. Asivae kitu kichwani. Nywele nene zinaweza kuchukua saa mbili tatu, za juu zikakauka mapema zikakudanganya. Kipimo changu ni kidole: kiingize kisogoni mpaka ngozi. Ukisikia ubaridi, bado.

Kuna na suala la udhu. Watoto wengine wakifika chuoni hujimwagia kopo zima kichwani, wakafunga mtandio juu yake, na kwa kuwa wanarudia sala baada ya sala, kichwa hakikauki siku nzima. Wakumbushe tu walivyofundishwa na maalimu wao: kichwa kwenye udhu hupakwa maji kwa mkono uliolowa. Unyevu ule unakauka kwa dakika chache.

Mitandio iwe ya kutosha, angalau mitatu ya shule, na ile ya pamba ni bora kuliko nailoni inayoteleza na kung'aa. Kile kikofia cha ndani kinachobana nywele ndicho kinachonyonya jasho lote, kwa hiyo kifuliwe kila siku, usiku akivua. Masika nguo zikigoma kukauka, malizia kwa pasi. Foronya ibadilishwe kila wiki, mto uanikwe juani. Kitana na chanuo vilowekwe kwenye maji ya sabuni na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani siku ileile ya kuosha kichwa. Ile nta ya kijivu katikati ya meno ni mafuta, mba na vumbi, na usipoiondoa unairudisha kichwani ukichana.

Mafuta, ndimu, udi

Kichwa kikinuka, mkono wa mama wa Kitanga hukimbilia mafuta ya nazi. Nazi naipenda, lakini mafuta ni ya nywele. Yakipakwa kwenye ngozi inayotoa mafuta yake yenyewe unawaongezea fangasi chakula na kuwafunikia mlango. Paka kidogo viganjani, pitisha kwenye urefu wa nywele, ishie hapo. Na yale ya kupika nyumbani yaangalie: yasipoiva vizuri yakabaki na tui ndani, baada ya wiki chache hugeuka yakatoa uvundo. Nusa chupa kabla ya kunusa mtoto. Mafuta ya mgando ya kopo ni mabaya zaidi kwa kichwa cha namna hii, hayatoki kwa maji, yanarundikana.

Ndimu tafadhali mwache nayo. Najua bibi alikuwa akiisugua kichwani, na kweli inakata harufu kwa saa chache. Lakini maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi huungua, ikatoa malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki hata miezi. Kwenye kichwa chenye mikwaruzo ni mateso tu. Magadi huchoma. Mafuta ya taa, ambayo bado kuna watu wanayapaka wakidhani ni chawa, ni sumu na hushika moto. Hata kuyataja sipendi.

Udi hauna ubaya. Mfukize nywele zikiwa safi na kavu, chetezo kikiwa mbali na uso, kama mtoto hana pumu. Ukifukiza kichwa kichafu unapata harufu mbili.

Akisukwa

Msuko unaruhusiwa kunuka? Haupaswi. Wasusi wenzangu watanisamehe, lakini tunalowesha nywele ili zilainike, tunasuka zikiwa bichi, tunakaza, tunamruhusu mteja. Ule unyevu umeufungia ndani. Mwambie msusi wako asuke nywele kavu. Rasta za kubandika nazo zisuuzwe kwa maji yenye siki kidogo na kuanikwa kabla ya siku ya kusuka, maana nyingi huja na kitu kinachowasha ngozi.

Msuko wa mtoto usizidi wiki tatu. Kila wiki uoshwe bila kufumuliwa: chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, toboa kizibo kwa sindano ya moto matundu matatu manne, tia maji na shampuu kidogo, kisha kamulia kwenye mistari kati ya msuko na msuko. Sugua mistari kwa ncha ya kidole kilichoviringishwa kitambaa. Suuza kwa chupa nyingine yenye maji matupu mpaka povu liishe, kamua kila msuko kwa kanga, halafu kausha, na hapa ujipe nusu siku. Akienda kuogelea baharini Raskazone wakati wa likizo, akirudi asuuze kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyohiyo. Chumvi na mchanga vikikauka ndani ya msuko huwasha vibaya.

Watoto wa kiume mnawasahau. Wao kichwa ni kipara, mnadhani hakuna cha kunuka, kumbe ni kofia. Kofia ya chuo hufuliwa Idi kwa Idi. Ifuliwe kila wiki, awe nazo mbili, na kinyozi aombwe asafishe mashine kwa spiriti mbele yenu kabla haijagusa kichwa.

Ikirudi upesi

Umeosha mara mbili, umekausha, mtandio safi, foronya safi, na harufu imerudi siku ya pili pamoja na magamba yenye mafuta na muwasho. Hiyo ni mba iliyokomaa. Nenda duka la dawa umwambie mfamasia umri wa mtoto, akupe shampuu ya kutibu fangasi, ya ketokonazoli au ya zinki. Hii hutumika mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne, na kosa la kila mtu ni kuipaka na kuiosha hapohapo. Inatakiwa ikae kwenye ngozi dakika tatu hadi tano. Ikitulia, kuna watoto wanaohitaji kuirudia mara moja kila wiki moja au mbili ili isirejee.

Mviringo wenye magamba, nywele zimekatika usawa wa ngozi, pengine na vitone vyeusi: hayo ni mapunye. Hapo shampuu na krimu peke yake hazitoshi, kwa sababu fangasi ameingia ndani ya unywele. Daktari huandika dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane au zaidi, na dozi imalizwe hata kama nywele zimeanza kuota. Yanaambukiza, kwa hiyo angalia vichwa vya wadogo zake, na kila mmoja awe na kitana chake na kofia yake. Ukikuta uvimbe laini wenye usaha, vidonda vinavyotoa maji, tezi za shingoni zimevimba au mtoto ana homa, usingoje wiki iishe. Kituo cha afya siku hiyo, wao wataona kama ni wa kupelekwa Bombo, hospitali ya mkoa. Uvimbe wa namna hiyo ukicheleweshwa unaweza kuacha upara usioota tena.

Siku ya kumpeleka usimpake mafuta wala usimsuke. Daktari anataka kuiona ngozi ilivyo, na akihitaji kukwangua magamba ya kupima, ayakute makavu.